Mstari wa Watoto kwenye Kadi ya Mama

Ashukuriwe Mungu, aliyetujua kabla hatujaandikwa popote, na ambaye hajawahi kumdai mtu kadi ndipo ampende. Namshukuru kwa pumzi, kwa magoti ambayo bado yanakunjika ingawa yanalalamika, na kwa subira aliyonipa kidogo kidogo, maana sikuzaliwa nayo. Nimeanza na shukrani kwa makusudi. Nikishamaliza kushukuru huona nimepata ruhusa ya kunung'unika, na nina mengi ya kunung'unikia, na karibu yote yanatoka katika mwaka mmoja.

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Ekiru huko Kakuma. Nilitoka Lodwar asubuhi na gari la parokia, nikafika kwenye boma lake nikakuta turubai zimeshafungwa, sufuria za chai zinachemka, na watu wamejaa: wafugaji waliotoka Kaikor na vigoda vyao mkononi, walimu wastaafu, na majirani Wakongo waliokuja na kwaya yao kutoka Kalobeyei, ambao huimba kwenye matanga ya Mturkana utadhani wanamzika mtu wa tumbo lao. Kati ya nguzo mbili wajukuu walikuwa wametundika bango kubwa la plastiki lenye ukoo wetu wote, visanduku na mistari, kila mtu na jina lake. Aliyelitengeneza ni Awoi, mjukuu wa Ekiru, binti mwenye akili anayefanya kazi na shirika moja huko Kalobeyei. Miaka miwili alikuwa akitusumbua kwa simu, nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi. Nikavaa miwani, nikasogea. Juu palikuwa na mama yangu. Chini yake watoto wawili, mimi Akeno na mdogo wangu Losike. Na pembeni ya mama, kwenye kisanduku cha kaka yake, walikuwa wamemweka Ekiru.

"Awoi," nikamwita. "Nani alikwambia huyu ni kaka ya mama yangu?"

"Si ni kitambulisho yake, Ata." Huku kwetu ata ni nyanya, na siku hizi mimi ni nyanya wa kila mtu. "Jina ya baba yake iko hapo, Lopeyok. Na mama yako pia alikuwa wa Lopeyok. Baba mmoja, si ni ndugu?"

"Ni mwanawe."

"Mwana ya nani?"

"Wa mama yangu. Alimzaa kwa tumbo lake, kabla yangu, na baba yangu huyu huyu ndiye baba yake."

Awoi akatazama bango, akatazama simu, kisha akanitazama mimi kama anayejiuliza iwapo nimemeza dawa zangu. "Sasa Ata, kwa nini hukusema? Hata hii simu haina mahali ya kuweka mtu kama huyo."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikacheka mbele ya jeneza, hata katekista kijana aliyekuwa akiongoza rozari akapoteza hesabu ya Salamu Maria. Kosa lile lile. Mstari ule ule. Eti kwa nini sikusema! Mimi niliyesema mpaka sauti ikakauka, katika mwaka wangu wa kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuwa karani wa parokia hapa Lodwar. Ofisi ilikuwa chumba cha mabati kilichoegemea ukuta wa kanisa, na ikifika saa sita mchana joto lake lilifanya wino ukauke kabla kalamu haijafika mwisho wa neno. Kulikuwa na meza moja, taipureta iliyokosa herufi mbili, kabati la chuma ambalo mlango wake haukufungika, na dirisha lisilo na kioo. Nje ya dirisha hilo, kwenye kivuli cha ukuta, akina mama walikaa wakisuka vikapu vya majani ya mikoma, na kwa kuwa hapakuwa na cha kuzuia sauti, mimi nilisikia yote yao na wao walisikia yote ya ofisi. Mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, na kwa miaka mitatu alikuwa amehudhuria mafundisho ya ubatizo. Alikariri Nasadiki huku akisuka, na akikosea neno alifumua safu nzima akaanza upya, kikapu na sala pamoja. Pasaka iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa yake. Alikuwa ameshaazima gauni jeupe, limekunjwa ndani ya sanduku letu kati ya matabaka mawili ya magazeti.

Ndipo Padre aliyemfundisha akahamishwa, akaletwa mwingine, kijana, pua yake ikibambuka kwa jua, mwenye masanduku mawili ya kadi za manjano. Kila familia, alisema, lazima iwe na kadi: jina la baba, jina la babu, jina la mama na ukoo wake, watoto wote kwa kufuatana. Asiyejaza kadi habatizwi. Kusudi lake lilikuwa jema, nasema hivyo kwa kuwa nimeshamsamehe. Alitaka kujua nani ni ndugu ya nani kabla hajamfungisha mtu ndoa na binamu yake. "Karani ataanza na familia yake," akatangaza. "Kadi hii itakuwa mfano kwa wote. Leo jioni tayari, ndiyo?" Ndiyo, Padre, nikasema. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilikula mwaka mzima.

Jioni hiyo niliketi na mama jikoni, kadi iko juu ya goti langu. "Mama, baba yake baba aliitwa nani?"

"Unamjua," akasema, akimimina chai.

"Simjui. Alikufa kabla sijazaliwa. Nataka jina."

"Yule mzee aliyekuwa na fahali mweupe."

"Jina, mama."

"Baba ya baba yako."

Shule ilikuwa imenijaza kiburi hata nikasahau jambo linalojulikana na kila mtoto wa Kiturkana: mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata akiwa ameshazikwa. Hata kama mbingu zinalisubiri. Nyumbani mwetu aliyelijua jina ni mmoja tu, naye ndiye ambaye mdomo wake ulifungwa kwa heshima. "Haya," nikasema, "hilo nitamwuliza baba mdogo. Watoto je? Niandike wangapi?"

Hapo akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mimi ni mchuuzi wa mbuzi? Watoto hawahesabiwi."

"Basi nakuhesabia mimi. Mimi na Losike. Naandika wawili."

"Usiandike wawili."

"Ni wangapi sasa?"

"Nimesema usiandike wawili."

Kisha akafanya alichokifanya kila siku ya maisha yangu. Kabla hajatupakulia sisi, alitia ugali na samaki mkavu kwenye bakuli dogo la bati, akaliweka kando ya mlango. Bakuli hilo tulilijua tangu utotoni. Alisema ni la mpita njia, na kweli, mwishowe mpita njia yeyote alipewa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini chakula cha mpita njia kilipakuliwa cha kwanza.

Padre hakutaka kusikia habari za heshima ya wakwe. "Sehemu tupu hapana," akasema, akigonga kadi kwa kidole, mara moja kwenye mstari wa babu, mara mbili kwenye mstari wa watoto. Nikapiga taipu orodha ya wabatizwa wa Pasaka kwa vidole vyangu mwenyewe, na jina la mama halikuwamo. Alirudisha gauni kwa mwenyewe, limekunjwa vilevile. Nje ya dirisha wenzake walijaribu kumchangamsha.

"Huyu Padre atataka kujua hadi babu ya punda wangu."

"Mwambie punda wako ni Mkatoliki."

"Akatae? Punda wangu anapiga magoti kuliko wewe!"

Mama alicheka pamoja nao. Lakini wiki ile sikumsikia akikariri Nasadiki. Mama yangu hakuwahi kuomba kitu duniani, si nguo, si shanga mpya. Aliomba kimoja tu, aitwe kwa jina mbele ya altare na kumwagiwa maji, na aliyeshika karatasi iliyomzuia nilikuwa mimi.

Nikavuka mto Turkwel kwenda kwa baba mdogo Lokwawi, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa na kofia yenye unyoya na maoni juu ya kila kitu. Jina la babu alinipa bila shida, na zaidi ya nilivyohitaji. "Aliitwa Lomuria. Ila hakuna aliyemwita hivyo, tulimwita kwa jina la fahali wake. Ila mwisho wa maisha wazungu wa barabara walimwandika Petro."

"Alibatizwa?"

"Wapi! Walichoka tu kumwuliza."

Nikaandika Lomuria, nikashukuru, nikasema limebaki la watoto. "Wawili," akasema baba mdogo.

"Mama amekataa nisiandike wawili."

Akavua kofia, akaanza kuutengeneza ule unyoya, na unyoya haukuwa na kasoro yoyote. "Mama yako alitoa neno mbele ya wazee," akasema. "Mwambie akae nalo."

"Neno gani, baba mdogo?"

"Andika wawili."

Nikarudi na vumbi la mto kwenye miguu na hasira kifuani. Mama alikuwa akichambua maharagwe. "Baba mdogo anasema uliahidi kitu," nikasema. "Uliahidi nini?"

"Akeno, Amri ya nane inasemaje?"

"Usiseme uongo."

"Basi siwezi kwenda kwenye maji ya Mungu na uongo umeandikwa juu ya jina langu. Ukiandika wawili, mimi nitakaa nje ya kanisa mpaka nife."

"Basi sema ukweli!"

"Na ukweli niliapa sitausema." Akasukuma sinia la maharagwe kwangu. "Toa mawe."

Sijui kama msomaji amewahi kuishi nyumba moja na mtu mwenye haki pande zote mbili. Leo ninapokumbuka namwona mwanamke mwaminifu kuliko wote niliowajua, aliyebanwa kati ya neno lake kwa watu na neno lake kwa Mungu na akakataa kuvunja hata moja. Wakati ule niliona ukaidi tu. Pentekoste ikaja, nikapiga taipu orodha bila yeye. Sikukuu ya Kupalizwa ikaja, vilevile. Noeli, vilevile. Kadi ya mfano ikawa imekunjika pembe na kupata doa la chai, na kadi za watu wengine zikajaa kabatini, hata za watu ambao walikuwa wakija kanisani siku ya kugawiwa mchele tu.

Baada ya Noeli nikakumbuka kwamba mama naye alizaliwa na mtu. Mama yake, Ata wangu, alikuwa hai huko Kakuma, ila hatukuwa tumeonana naye kwa miaka kumi, tangu baba alipozikwa. Siku ya mazishi yale nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Kijana mmoja alitokea kwa miguu kutoka Kakuma, tuliambiwa ni mjomba wetu Ekiru, kaka mdogo wa mama. Alitaka kutangulia kaburini mbele ya watu wote, mahali pa mtoto wa kwanza wa kiume. Baba mdogo akampiga fimbo, wengine wakasaidia, akaondoka na damu sikioni. Tuliambiwa alikuja kudai mifugo. Mama alifunika uso kwa shuka. Tangu siku hiyo jina la Kakuma halikutajwa kwetu ila kwa kutema mate.

Lori la misheni lilikuwa linapeleka mahindi, nikaomba nafasi. Kakuma ya siku hizo haikuwa na kambi wala mji huu wa sasa. Ilikuwa lagha, ule mto wa mchanga mtupu, miti, maduka machache, na kengele ya misheni. Nilimkuta Ata kivulini mwa kibanda chake, shanga zimempanda hadi kidevuni, anatafuna tumbaku. "Ejok?" akaniamkia, kana kwamba tuliachana jana. "Ejok nooi," nikajibu.

"Umeniletea nini?"

"Nimekuja na kadi, Ata."

"Inaliwa?"

Nikamweleza habari zote, Padre, mstari, ubatizo, orodha nne bila jina la mama. "Sasa nisaidie," nikasema. "Mama ana watoto wangapi?"

"Mimi sihesabu watoto."

Nikafunga macho nikaomba msaada wa Roho Mtakatifu.

"Lakini nawajua," akaendelea Ata. "Ekiru, wewe, na yule aliyekufuata."

"Ekiru ni mjomba."

"Amesema nani? Mimi nilimpokea kwa mikono hii, mvua inanyesha. Baba yako alikuwa hajachinja fahali wa ndoa, ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao. Mtoto akizaliwa kabla ya fahali ni wa zizi la baba ya msichana. Basi akawa wa Lopeyok, mume wangu, akapewa alama yetu. Baba yako alipopata ng'ombe, mtoto ameshakuwa mchungaji wetu. Wazee wa upande wenu wakasema abaki huku huku, na binti yangu asimwite mwana tena, asije siku moja akadai mazizi mawili. Wakamfanya aape." Akatema tumbaku. "Mambo ya wanaume na ng'ombe."

"Ata. Miaka yote hii. Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Hakuna aliyekuuliza!"

"Mama yako ndiye aliapa. Mimi sikuapa kitu. Mngekuja mkauliza, ningewaambia siku ya kwanza, na chai ningewapa."

Ekiru alirudi na mbuzi jua likiwa kali. Alikuwa mrefu, na sikio la kushoto lilikuwa na kovu. Alinisikiliza akiwa amesimama mguu mmoja, fimbo begani, na hakushangaa hata kidogo, maana yeye alijua tangu utotoni. Niliyekuwa sijui ni mimi. "Kwa hiyo, mjomba," nikamaliza, ulimi ukiwa bado na mazoea yake, "twende Lodwar, ili mama abatizwe."

"Andikeni wawili, mambo yaishe."

"Hataki."

"Basi asibatizwe. Nilikwenda kumzika baba yangu nikapigwa kama fisi. Leo mnaniita kwa karatasi?"

"Si karatasi, ni mama."

"Mama yenu," akasema. "Mimi ni wa Lopeyok. Uliza hata mbuzi, alama iko sikioni." Akageuka kwenda zake.

Nakiri mbele ya Mungu kwamba sikuomba wala sikutafakari. Mwaka mzima ulinipanda kichwani kwa pamoja. "Wewe!" nikapiga kelele. "Rudi hapa! Nimechoka na wewe, nimechoka na baba mdogo na unyoya wake, nimechoka na huyu Ata anayeulalia ukweli kama kuku! Mama anakupakulia chakula kila siku, kila siku, bakuli la kwanza, kabla yangu mimi niliye mbele yake! Wanakula walevi na wachuuzi, na wewe uko hapa unanuna kama ngamia mwenye upele! Unadhani siku ile ulipigwa peke yako? Kaoge! Lori linaondoka kesho!"

Ata aliacha kutafuna. Kwetu hakuna mpwa anayemwinulia mjomba sauti. Mjomba akikasirika, laana yake haina dawa, na watu wazima hutembea siku mbili kwenda kumwomba radhi kwa neno dogo kuliko hayo. Nilisimama pale nikisubiri kulaaniwa. Ekiru alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Hakuna mpwa wa kunitukana hivi," akasema.

"Basi nilaani."

"Nitakulaanije? Kelele hizi ni za dada."

Ata akaanza tena kutafuna. Ekiru akachuchumaa, akachora chora mchangani kwa ncha ya fimbo, na bila kuniangalia akauliza, "Bakuli gani?"

Alikubali kuja, ila hangekanyaga nyumbani kwetu mpaka mwenye fimbo ya mazishini aseme neno. "Huyo niachieni mimi," akasema Ata. Kesho yake tulipanda lori sote watatu, Ata akakaa mbele na dereva, akamweleza ni wapi pa kukunja kwenye barabara ambayo haikuwa na kona. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo Lokwawi. Na hapo, msomaji, niliona heshima ya wakwe iliyonitesa mwaka mzima ikifanya kazi upande wangu. Baba mdogo alipomwona mama mkwe wa kaka yake mlangoni, alivua kofia, akainamisha kichwa, na hakuruhusiwa kumbishia.

"Mnalinda zizi gani?" akamwuliza Ata. "Nimepita hapo. Lina miiba na mavi ya mwaka juzi. Ng'ombe walimalizwa na ukame, waliobaki wakachukuliwa na maadui. Mtoto alikatazwa mama yake kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wako wapi? Nionyeshe mmoja nimkamue." Aliendelea hivyo mpaka chai ikachemka, ikanywewa, ikachemshwa nyingine. "Mrudishie binti yangu neno lake," akamaliza.

"Ndiyo, mama," akasema baba mdogo, akitazama vidole vyake vya miguu.

Kulichinjwa mbuzi. Baba mdogo alimpaka Ekiru kifuani majani ya tumboni mwa mbuzi, kama tunavyobariki, na mkono wake ulipofika karibu na lile sikio ukasita kidogo, kisha ukapaka na hapo. Mimi nilitangulia nyumbani kumwambia mama, lakini alikuwa ameshasikia kwa akina mama wa vikapu, ambao walijua kabla ya mbuzi mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni. Nilitazamia machozi, nilikuwa nimeandaa hata leso. Ekiru akaja, akasimama mbele yake, mrefu kuliko mlango. Mama akainama akaokota bakuli la bati.

"Umechelewa," akasema. "Kimeshapoa."

Akala kikiwa kimepoa. Alikula chote, akiwa amesimama.

Padre alibatiza asubuhi ya Pasaka. Gauni jeupe liliazimwa tena. Wakaitwa mmoja mmoja wakiwa na kadi zao, na yetu ilikuwa na doa la chai na mstari mmoja ulio wazi, maana nilikataa kuujaza mimi. "Jina la baba mkwe," akasoma Padre, kwa kuhakikisha. Mama akamgeukia Ekiru.

"Lomuria," akasema Ekiru, kwa sauti ya kuita mifugo, hata watu wa nyuma wakasikia.

"Na watoto ni wangapi?"

Akina mama wa vikapu waliinama mbele kama nyasi. Nilishika kalamu mpaka ikaniumiza.

"Ekiru," akasema mama. Akavuta pumzi kana kwamba ametua mzigo. "Akeno. Losike."

Hakuhesabu. Padre alihesabu mwenyewe, kwa vidole, akaandika, kisha akamwaga maji.

Mama alipumzika miaka mingi iliyopita, na Ata kabla yake. Ekiru aliendelea kuandikwa wa Lopeyok kila alikokwenda, na hakutaka kubadilisha. Alisema zizi lililomlisha haliwezi kufutwa kwa kalamu, na kwamba mwenye haja ya kujua mama yake ni nani aje aulize. Alikuwa mjukuu wa Ata kweli. Ndiyo maana bango la Awoi lilikosea, na ndiyo maana siku ya mazishi, baada ya chai, niliomba kalamu nene ya wino mweusi kwa mwalimu mmoja, nikapanda juu ya kiti cha plastiki kwa magoti yangu haya, watu wawili wamenishika kiuno, nikachora mstari kutoka kwa mama mpaka kwa Ekiru. Mstari ukapita juu ya kisanduku cha Losike, ukakata jina la binamu mmoja asiyehusika, lakini ukafika.

"Ata!" Awoi alikuwa amekuja mbio, mikono kichwani. "Ata, umeharibu! Unajua hii kitu imechapishwa wapi? Mimi nimekaa miaka mbili na hii kitu, na wewe unakuja tu na kalamu! Si ungeniambia? Shuka hapo kabla hujavunjika mguu!"

Watu walimnyamazisha, kwamba mtoto hamfokei bibi kizee kwenye matanga. Niliwaambia wamwache aendelee. Nilishuka pole pole, nikakaa, nikamsikiliza mpaka mwisho, na niliona raha.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki na akulinde, wewe na nyumba yako, walioandikwa na waliosahauliwa. Akupe subira kwa wazee wasiojibu unachouliza. Na chakula chako kisipoe kabla hujafika, na asikosekane mlangoni mtu wa kukugombeza kwa haki ya damu. Amina.